Mwanamume Aliyepisha Kichochoroni

Umeme ulikatika, mwenye gesti akawasha jenereta, na moshi wa petroli ukaingia mpaka ukumbini tulipokuwa tumekaa. Wakati huohuo mimi nilikuwa nimefungua begi natafuta chaja ya simu, na kipande cha udi ninachokiweka kati ya kofia ili zisipate ukungu kikatoa harufu yake. Petroli na udi. Harufu hizo mbili hazina udugu wowote, lakini zilipokutana puani mwangu mwili mzima ulinisisimka. Mimi, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, katika mji wa mpakani ambako sina hata jamaa mmoja, muuza kofia za Amu, yaani Lamu, nisiyetulia mahali, ghafla nilikuwa tena juu ya mkeka kwa shangazi Zuhura, magoti nimeyakumbatia, nangoja picha ianze.

Na picha ilianza kweli. Televisheni ya ukutani ilirudi, na pamoja nayo ile filamu ya vita tuliyokuwa tukiitazama kabla ya giza: filamu ya waandishi wa habari, wanaokimbilia kule ambako wenzao wanakukimbia. Dereva mmoja wa lori alikuwa akipiga paja kila risasi ikilia.

"Hawa ndio mashujaa," alisema. "Hawana bunduki, na bado wanaingia."

"Mashujaa wapi?" Msichana wa mapokezi alikuwa amesimama mlangoni, mikono ameikunja kifuani. "Fisi hawa. Mtu anakata roho, yeye anatafuta mwanga mzuri."

"Asipopiga picha, wewe utajua nini?"

"Na akimshika mkono yule anayekufa, atapungukiwa nini?"

Wakavutana hivyo mpaka wakanigeukia mimi. "Mama wa kofia, wewe wasemaje?"

Nilicheka. Niliwaambia kuwa ugomvi wao huo niliwahi kuuona ukipiganwa na chumba kizima cha wanawake, wao wawili hawajazaliwa, na ulikuwa mkali kuliko huu wao, maana kulikuwa na mtu ambaye uhai wake ulikuwa unangoja jibu. Hawakuniamini. Ninyi wa rika langu, mliowahi kukaa mbele ya televisheni yenye mgongo mkubwa kama sanduku la bibi harusi, nadhani mtaniamini.

Wanaume wa Amu walikuwa na mahali pao pa kutazama video, karibu na pwani, kwa kiingilio. Wanawake walikuwa na Alhamisi kwa shangazi Zuhura. Shangazi, dada yake baba, alikuwa na deki ya video na televisheni alizoletewa na mumewe, na kila Alhamisi baada ya sala ya Alasiri alifungua mlango wa daka, ile baraza ya mbele ya nyumba, akatandika mikeka, akafukiza udi, na nyumba ikajaa mabuibui. Kaseti ilitoka Mombasa kwa basi hadi Mokowe, ikavuka kwa boti ikiwa imefungwa gazetini, na asubuhi ya pili ikarudi kwa njia ileile. Umeme ukikatika, jenereta ndogo ilinguruma uani, na petroli na udi vikapigania chumba mpaka vikapatana.

Picha zetu zote zilikuwa za Kihindi. Hatukujua Kihindi, lakini tulikuwa na Bi Rukia. Bi Rukia alikuwa jirani, mjane mnene mwenye kicheko cha kuamsha mtaa, naye ndiye aliyekuwa akitufasiria. Lugha hiyo na yeye alikuwa haijui. Aliangalia midomo na nyusi, kisha akatuambia.

"Amwambia, 'Mamako hanitaki kwa sababu sijui kupika.'"

"Umejuaje, Bi Rukia?"

"Kwani huoni alivyo mkondefu?"

Na mimi, katika akili yangu ya kitoto, nilikuwa nimejitungia kanuni. Picha ina nyimbo. Mtu wa picha akifa si kitu, maana Alhamisi ijayo utamkuta amefufuka, ana bibi mwingine, anaimba bustanini. Kinachoonyeshwa kwenye televisheni bila nyimbo ni taarifa ya habari, na watu wa habari wakifa wamekufa. Sikufundishwa na mtu. Niliiona kwa macho yangu, na sikuona sababu ya kumuuliza yeyote.

Sasa, mwaka huo baba yangu, Athmani, alikuwa Uarabuni. Alikuwa mtunza ghala, yeye na vijana wengine wachache wa Amu, wakilala nyumba moja. Kisha vita viliingia nchi ile. Sauti yake ikakatika. Mama alikwenda posta kila siku kupanga foleni ya simu, na kila siku alirudi akiwa amefunga mdomo kama mtu aliyeshika sindano kwa meno. Halafu mtu mmoja aliyetoroka huko kwa bahati akafika Amu, akamwambia Ami Mahadi, kaka yake baba, kuwa ile nyumba ya watu wa Amu imeporomoshwa yote, na yeye hakuona aliyetoka.

Ami Mahadi alikuja kwetu siku ya Jumanne. Nilikuwa nyuma ya pazia, nikisikiliza kwa mwili wote.

"Mwana Esha," alimwambia Mama, "Ijumaa tukisha sali tutamsomea hitima ndugu yangu. Maiti ana haki zake. Tumemnyima kaburi, tusimnyime dua."

"Mimi sijafiwa, shemeji."

"Kukataa hakumrudishi mtu."

"Na nyinyi mkisoma mtakuwa mmemzika kwa midomo. Mimi nitaingia edani, nikae ndani nimlie mtu ambaye huenda saa hii anatafuta mai ya kunywa."

Ami hakuwa mtu mbaya. Nilimsikia akipenga kamasi. "Nipe shahidi mmoja, Mwana Esha. Mtu mmoja tu aliyemuona. Nitaghairi."

Mama hakuwa na shahidi. Jumatano jirani walianza kuja na ile sauti ya chini ambayo watu huitumia katika nyumba yenye msiba, na kila mmoja aliniletea mimi kitu cha kula, jambo ambalo lilinitisha kuliko maneno yoyote. Alhamisi mchana shangazi Zuhura aliingia bila hodi, akamtupia Mama buibui.

"Vaa. Kesho ni ya kesho. Yeo utakaa kwangu na wenzio."

Nadhani shangazi alitaka kumpa jioni moja ya mwisho kabla ya eda. Hakujua anachompelekea.

Kaseti ilikuja katika ganda lake lenye picha ya binti wa Kihindi amevaa bangili mpaka kiwikoni. Shangazi aliitia dekini, mashine ikaimeza kwa ule mguno wake, mistari ikapita, na badala ya bustani tukaona jangwa. Moshi. Gari limepinduka. Mwanamke wa Kizungu, nywele kazifunga nyuma kwa kitambaa, anakimbia huku ameinama na kamera kifuani, na nyuma yake mwanamume mnene, mwenziwe, anahema na kalamu sikioni.

"Huko Mombasa wametukosea," alisema mmoja.

"Ngojeni," Bi Rukia alisema, "wataimba tu. Huyu mnene ana sura ya kuimba."

Tukangoja. Mabomu yalilia. Yule mwanamke na yule mnene walilala chini ya lori, wakazozana.

"Amwambia nini?"

"Amwambia, 'Nilikuambia tusije, wewe na kiherehere chako.'" Na mara hiyo, nikikumbuka sura zao, naamini Bi Rukia hakukosea.

Wakapita mtaa wenye nyumba zilizopasuliwa, vyombo vya watu vinaonekana, sufuria bado juu ya jiko. Hakuna aliyeimba. Kahawa ilipoa vikombeni. Nakumbuka jinsi nilivyozidi kungoja wimbo usiokuja. Mchanga ule. Kanzu zile. Nikamvuta Mama mkono.

"Mama," nilimnong'oneza, "hii si picha. Hii ni habari."

Mkono wa Mama ulikaza juu ya wangu mpaka pete ikaniuma. Na sikuwa peke yangu. Wanawake wazima, wenye wajukuu, walianza kunong'onezana vilevile. "Ni kule." "Ni nti ile ile." "Tazama misikiti yao." Vicheko vilikatika. Mmoja wetu aliyekuwa amesoma alisema kuwa hii ni filamu, watu wameigiza, akaambiwa anyamaze, tangu lini Wazungu wakaigiza jasho kama lile.

Ndipo yule mwanamke wa kamera akamfikia mtu aliyelala katikati ya barabara, kifudifudi, kiatu kimoja hakipo. Alipiga magoti. Tulidhani atamgeuza. Aliinua kamera.

Shangazi Zuhura alisimama. Alikuwa na leso mabegani, nyekundu, yenye maneno *Nisitiri nikusitiri*. Aliivua, akaitupa juu ya televisheni, akaivuta pembe zake mpaka chini, kwa uangalifu, kama anavyofunikwa mtu.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," alisema. "Maiti hatizamwi hivyo. Nyumbani mwangu hatizamwi."

Chini ya leso vita viliendelea kulia, na mwanga wake uliipitia nguo ile, nyekundu, ukicheza. Sijapata kuona kitu cha kutisha na kizuri kama kile. Chumba kilipasuka pande mbili.

"Zuhura amesema kweli! Yule mwanamke ana moyo wa jiwe. Hata kumfumba mato!"

"Yeye kazi yake ni kuonyesha. Waosha maiti watakuja na wao."

"Watakuja kutoka wapi? Wamekimbia!"

"Basi bora yeye aliyebaki!"

"Kubaki kupiga picha? Hata kunguru hubaki!"

"Kaa tini, Bi, hatuoni."

"Huoni nini? Waona leso!"

Na katikati ya kelele zile nikasikia sauti ya Mama, haikuwa kubwa, ikisema, "Funua."

Wakamgeukia. Wote walijua kesho ni Ijumaa gani.

"Funua, Zuhura. Nataka kutazama nyuso."

"Mwana Esha..."

"Yule wa kamera sina mapenzi naye. Lakini tangu vita vianze, nani mwingine ameniletea hata kivuli cha nti ile? Posta? Redio? Ni yeye. Basi wacha nitazame alichoniletea."

Shangazi alikuwa bado ameshika pembe ya leso. "Na mimi, ni ndugu yangu aliye kule," alisema. "Nikimuona amelala vile mbele ya watu, kiatu kimoja, nani atamfunika?"

"Nitakushika mimi, nawe utanishika. Funua."

Akafunua.

Barabara ya yule maiti ilikuwa imekwisha pita. Sasa yule mwanamke alikuwa akikimbia kwenye kichochoro chembamba, kuta ndefu za mawe huku na huku, na kwa kweli kama si moshi ungeapa ni Amu, nyuma ya msikiti, pale ambapo punda wawili hawapishani. Mbele yake akatokea mwanamume. Kanzu, kikoi begani, dumu la mai mkononi. Uso wake haukuonekana sawasawa, ulikuwa na kivuli. Alipomwona mwanamke anakuja, alifanya jambo. Alisogea ubavuni, akageuza bega, akabandika mgongo wake ukutani, akainamisha macho, na dumu akalinyanyua lisimguse yule bibi. Mwanamke akapita. Mwanamume akaendelea na safari yake, akapotea pembeni.

"Baba!" nilipiga ukelele. "Baba yule! Mama, baba!"

Lazima niwaeleze. Vichochoro vya Amu vinafundisha adabu kabla ya chuo. Mwanamume akikutana na mwanamke penye wembamba, humpisha, na namna ya kupisha ni ile: bega, mgongo, macho chini, mzigo juu. Mgeni utamjua papo hapo, atasimama katikati akitabasamu. Na mimi, kila nilipotoka chuo cha Kurani nikikimbia, mbao ya kuandikia kichwani, nikikutana na baba akirudi bandarini, alijibandika ukutani kama mjusi, akainamisha macho yake mpaka vidoleni, akasema, "Pita, Bi Mkubwa, ndia ni yako." Nami nilipita kwa maringo, pua juu. Hakuna malkia aliyepata kupishwa vile. Ningemjua baba kwa mgongo wake ule ukutani hata kama dunia yote ingevaa kanzu.

Mnajua chumba kilivyokuwa? Sijui nikielezeje. Mikeka ilihama. Kahawa ilimwagika, hakuna aliyeifuta.

"Mrudishe! Zuhura, mrudishe!"

Shangazi alibonyeza deki, na yule mwanamume akatoka pembeni kinyumenyume, akabanduka ukutani, akarudi alikotoka.

"Endelea kumrudisha," Bi Rukia alisema, machozi na kicheko pamoja, "mrudishe hivyo hivyo mpaka Mokowe!"

Tukamtazama tena. Na tena. Dumu likapanda, likashuka.

"Ni Athmani. Tazama bega."

"Mabega yote ni mabega. Warabu nao hupisha."

"Umemuona Mwarabu gani akipisha hivi? Huyu amekulia mtaa wetu wa Langoni!"

"Athmani ni mrefu kuliko huyo."

"Ameinama! Mtu akiinama hubaki mrefu?"

"Na kikoi kile? Si cha kwetu kile?"

"Televisheni nyeusi na nyeupe, wewe kikoi umekijua kwa rangi gani?"

Nusu walisema ndiye, nusu walisema siye, na waliosema siye walisema kwa upole, wakiogopa kutuvunja moyo. Mwishowe zile kelele zilikwisha zenyewe, maana kila mtu alikuwa amemgeukia mtu mmoja. Mama alikuwa amesogea mpaka mbele kabisa, pua yake karibu na kioo, uso wake umejaa mwanga.

"Mwana Esha," shangazi alisema. "Sema wewe."

"Mara moja tena," alisema Mama.

Mwanamume alikuja, akapisha, akaenda. Nilisikia jenereta, nilisikia udi ukipasuka chetezoni.

"Ndiye," alisema Mama.

Vigelegele vile vilisikika mpaka sokoni. Najua, kwa sababu Ami Mahadi alivisikia akiwa sokoni.

Alikuja kabla ya Magharibi, akakohoa dakani, wanawake wakajitupa nyuma ya pazia kama samaki wanaorudi majini, na nikabaki mimi peke yangu kwenye mkeka, niliyekuwa mdogo wa kutojificha. Ami alikaa. Kofia yake aliivua akaiweka juu ya goti.

"Haya, mwana. Nionyeshe."

Shangazi, asiyejificha kwa kaka yake, alimbonyezea deki. Mimi nilinyoosha kidole mapema mno, nikanyoosha tena. "Yule, Ami! Yule mwenye dumu! Tazama, tazama, sasa atapisha!" Akapisha. Ami aliomba arudishiwe. Mara ya pili aliinama mbele, na mara ya tatu midomo yake ilikuwa ikitikisika. Mama alikuwa nyuma ya pazia, na eda yake ilikuwa imekaa mlangoni ikingoja.

Ami alichukua kofia yake, akajifutia uso nayo, kofia ambayo shangazi aliishona miezi mizima.

"Hitima," alisema hatimaye, "haisomwi kwa mtu anayetembea."

"Tena kwa adabu!" Bi Rukia alijibu kutoka nyuma ya pazia, na hata Ami alicheka.

Alipoondoka tuliitazama mpaka mwisho, kwa sababu hakuna aliyeweza kwenda nyumbani. Yule mwanamke wa kamera alipigwa risasi karibu na mwisho. Mwenzake mnene alimfikia akiwa amekwisha kata roho. Kamera yake ilikuwa palepale mchangani, na sote tulisogea mbele kuona kama ataiokota ampige picha na yeye. Alivua koti lake, akamfunika nalo, akalinyoosha vizuri upande wa uso.

"Hapo sasa!" shangazi Zuhura alisema, akipiga mkeka kwa kofi. "Kumbe wanajua."

Yule mnene akafuta machozi, akaokota kamera, akaanza kukimbia.

"Na kamera ameichukua," alisema Mama.

Wanawake wale hawakukubaliana siku ile wala baadaye. Kwa miaka mingi harusini, msibani, popote, ungesikia mmoja akianza, "Lakini yule mwanamke angemfumba kwanza mato, kisha apige," na mwenziwe akageuka kumjibu huku mkono uko ndani ya unga.

Asubuhi kaseti ilirudi Mombasa. Nililia sana. Katika akili yangu walikuwa wanamfunga baba gazetini, na nilitaka kujua kama ndani mle kuna hewa. Mama alinipangusa, akanichukua tukatembea mjini, buibui lake likipepea, kifua mbele. Watu walimwuliza, "Bwana hajambo?" Naye alijibu, "Hajambo, tulimuona Alhamisi." Waliosema siye walikuwa wanapungua kila siku.

Baba alikuja msimu uliofuata, amekonda, ana blanketi la maua na chupa ya chai. Nyumba yao iliporomoka kweli, lakini wao walikuwa wamehamishwa siku chache kabla, wakapelekwa kambi ya mbali isiyo na simu, kisha nchi ya pili, kisha ya tatu. Mtaa mzima ulimpokea gatini, na kabla hajanyanyua mzigo wake Bi Rukia alimwambia, "Athmani, tulikuona!"

"Mlinionea wapi?"

"Kwenye televisheni. Ukiwa na dumu la mai."

Baba alicheka, akasema hajapata kupita mbele ya kamera yoyote, na vita vyenyewe alivisikia kwa mbali tu.

"Wewe hukujiona," Bi Rukia alimwambia. "Sisi ndio tuliokuona."

Alibishana nao mwaka wa kwanza, wa pili akachoka. Mama hakutia neno.

Hayo yote niliwasimulia dereva na msichana wa mapokezi, filamu yao ikiendelea bila mtazamaji. Nilipomaliza, dereva aliuliza swali ambalo mimi, pamoja na kuzunguka kwangu kote, sikuwahi kuliuliza. "Sasa alikuwa yeye au hakuwa yeye?" Baba amefariki, miaka kadhaa sasa, na hitima yake tulisoma, yenye kaburi. Nikatoka uani, karibu na jenereta, nikampigia Mama.

"Uko wapi tena?" Ndiyo salamu yake kwangu siku hizi.

"Mpakani. Mama, siku ile ya kaseti, ulimjuaje baba?"

Akacheka, kicheko cha bibi kizee aliyekutwa na sukari mfukoni. "Nilimjua kuwa si yeye. Mara ya kwanza tu."

"Mama!"

"Babako alikuwa hampishi mtu. Tangu lini? Punda ndio waliompisha. Mimi na yeye tulijuana kwa hilo: nimebeba sinia, msichana, nangoja anipishe, naye kasimama katikati ya kichochoro kama mlango. Yule wa televisheni alikuwa mtu mwenye malezi."

"Sasa kwa nini ulisema ndiye?"

"Ami yako alitaka shahidi. Mimi sikujua kama yu hai, wala sikujua kama amekufa. Nikasema, mpaka nijue, acha atembee."

Jenereta ilinguruma. Nilijiegemeza ukutani. "Lakini Mama, mimi alinipisha."

"Alikupisha wapi?"

"Kila nikitoka chuoni. Mgongo ukutani, macho chini. 'Pita, Bi Mkubwa, ndia ni yako.' Ndivyo nilivyomjua."

Nikasikia anavuta kiti, anakaa.

"Hakuniambia," alisema. "Athmani? Ukutani?"

"Kila siku."

"Na mzigo?"

"Anaunyanyua juu, usiniguse."

"Kama lile dumu."

"Kama lile dumu, Mama."

Sauti iliyokuja baadaye ilikuwa ya yule mwanamke aliyekaa mbele ya kioo, uso umejaa mwanga. "Basi isije ikawa alikuwa yeye," alisema. "Sikiza. Wewe si huna makao? Si unazunguka kila mji? Itafute kaseti ile. Nataka kumtazama tena."

Nilirudi ukumbini karibu nikikimbia. Dereva wa lori alikuwa anatoka, tukakutana mlangoni. "Kaka," nilimwambia, "huko unakopita kote, umewahi kuona mahali wanauza kanda za video za zamani?"